Safari ya Pili ya Mboga

Sura iliyotangulia iliishia pale wito unapoitikiwa: mtu amepiga magoti mbele ya kanisa, askofu ameweka mikono, kwaya inaimba, mama mzazi anafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Siku hiyo ni takatifu na sina neno la kuipunguzia. Ila kwa miaka niliyoishi karibu na watumishi wa Injili, wainjilisti wa vijijini, watawa, makatekista wanaofundisha bila mshahara, swali langu limebadilika. Zamani nilimuuliza mtumishi aliitwaje. Sasa namuuliza kama aliwahi kufukuzwa mahali, na kama alirudi.

Swali hilo nililipata Mboga, kwa mtu aliyekufa kabla baba yangu hajaoa.

Mboga, ambayo siku hizi huandikwa Boga, iko Ituri, mashariki mwa Kongo, juu ya ukingo unaotazama bonde la mto Semliki. Mwishoni mwa karne ya 19, mtu aliyetoka Toro kwenda huko alizunguka ncha ya kaskazini ya milima ya Rwenzori, akashuka hadi kwenye joto la bondeni, akavuka mto, kisha akaanza kupanda tena upande wa pili. Nyuma ya nyumba za Wahema na Wangiti wa Mboga, kuelekea magharibi, ulianza msitu wa Wambuti, na hakuna mtu wa Toro aliyekuwa na hesabu ya kukuambia unaishia wapi.

Mwaka 1896 njia hiyo ilipandwa na Mganda mwenye umri wa miaka thelathini na kitu, aliyebatizwa mwaka mmoja tu uliotangulia. Wazazi wake walimwita Waswa, jina ambalo Waganda humpa pacha wa kiume anayetangulia kuzaliwa. Ubatizoni alichagua kuitwa Apolo. Watu wakamwongezea la tatu, Kivebulaya, yaani kitu kilichotoka Ulaya, kwa sababu ya koti jekundu la kijeshi alilolivaa pamoja na kanzu yake nyeupe. Mswahili hahitaji kufasiriwa jina hilo. Neno Ulaya limekaa humo ndani, limevaa kiambishi cha Kiganda tu.

Na si neno hilo peke yake lililosafiri. Watu wengi hawajui kwamba Injili iliingia Buganda kwa Kiswahili. Stanley alipofika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1875 alikuwa na kijana aliyeitwa Dallington Maftaa, mtumwa aliyekombolewa na kusomeshwa na wamisionari Unguja, na kijana huyo ndiye aliyebaki ikulu akimsomea na kumwandikia Kabaka. Mmisionari Alexander Mackay alipowasili mwaka 1878, alianza kufundisha kwa maandiko ya Kiswahili yaliyochapwa pwani, kabla Kiganda hakijapata vitabu vyake. Kuwa Mkristo kuliitwa kusoma, na Wakristo waliitwa wasomaji. Ninaipenda lugha hiyo. Mtu hakuulizwa kama ameokoka au ameandikishwa, aliulizwa kama anasoma, na jibu la swali la namna hiyo haliwi la jana.

Apolo alimsikia Mackay akifundisha, lakini hakuja moja kwa moja. Alipitia Uislamu. Alishika silaha katika vita vya dini vilivyoipasua Buganda kuanzia 1888, ambapo Waislamu, Waprotestanti na Wakatoliki walipokezana ushindi na uhamisho. Mackay alikufa kwa homa mwaka 1890 huko Usambiro, kusini mwa Ziwa Victoria, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, na miaka mitano baadaye mmoja wa watu waliomsikiliza akashuka majini kubatizwa. Mackay hakuiona siku hiyo. Ninalitaja hili mapema kwa sababu nitalirudia.

Kabla ya Apolo, walimu wawili Waganda walikuwa wametangulia Mboga: Petero Nsugerwa na Sedulaka Makwata. Chifu Tabaro hakuwapiga wala hakuwatukana. Aliwanyima chakula tu. Watu wake wakakatazwa kuwauzia, na njaa ikafanya kazi iliyobaki. Wakarudi Toro.

Habari hizo zilimfikia Apolo kabla hajaondoka, naye akafanya jambo ambalo kwangu mimi linazidi mahubiri mengi niliyoyasikia juu ya imani. Alibeba jembe. Hakusema Mungu atafungua mioyo ya wenyeji wamlishe. Hakusubiri pia Tabaro atoe ahadi. Alikwenda akiwa amekubali kwamba huenda hakuna mtu atakayempa hata kiazi, na kwamba hilo halitakuwa sababu ya kuondoka, kwa kuwa atalima mwenyewe. Nimewaona vijana wakifunga siku saba kuomba uthibitisho wa wito wao. Wafunge, ni vema. Lakini jembe la Apolo nalo ni sala, tena ni sala ya mtu aliyekwisha kuamua.

Hapa inanipasa kumtendea haki Tabaro, kwa sababu masimulizi ya kimisionari yamezoea kumfanya Farao. Zile zilikuwa siku za vita. Waingereza, wakisaidiwa na majeshi ya Waganda, walikuwa wakimwinda Kabalega wa Bunyoro. Toro ilikuwa imerudishiwa mfalme wake, Kasagama, kwa nguvu ya bunduki za Kapteni Lugard, na Toro hiyohiyo ilidai kwamba Mboga iko chini yake. Mwalimu Mganda mwenye koti la askari alipotokea ukingoni, chifu mwenye akili alikuwa na kila haki ya kujiuliza nani anakuja nyuma ya mwalimu huyo. Tena mwalimu mwenyewe hakunywa pombe ya wenyeji, na mafundisho yake yaligusa ndoa za wakubwa. Mimi sidhani Tabaro alimchukia Kristo. Hakuwa bado amekutana naye. Alilinda nchi yake kwa namna aliyoijua. Mtumishi asiyeweza kuona hofu ya halali ndani ya mtu anayempinga atampenda mtu huyo kwa shida sana, na Apolo alikuja kumpenda Tabaro.

Kisha ukaja msiba. Dada yake Tabaro aliangukia mkuki uliokuwa majanini, akafa, na mkuki ule ulikuwa wa Apolo. Ilikuwa ajali. Lakini katika nyumba iliyokwisha kumshuku mgeni, ajali haikuwa na nafasi ya kuaminiwa. Apolo alishtakiwa kwa uuaji, akafungwa, akapelekwa Toro mbele ya wakuu wa Kiingereza, akapigwa, akatiwa gerezani. Fikiria alivyopita tena njia ile ya Semliki, safari hii mikono imefungwa, akishuka ukingo aliokuwa ameupanda na jembe begani. Na juu ya maumivu ya mwili kulikuwa na jingine ambalo wasimuliaji hulipita haraka: mwanamke alikuwa amekufa. Hata kama mkono wa Apolo haukumgusa, chombo kilikuwa chake. Mtu mwenye dhamiri hulala na jambo kama hilo.

Katika siku hizo za mateso, kama alivyosimulia mwenyewe hadi uzeeni, alimwona Kristo aking'aa kama jua, akamwambia asiogope kwa kuwa yuko pamoja naye. Mimi nayaamini maono hayo. Ninachotaka msomaji akione ni kile ambacho hakikuwemo ndani yake. Apolo hakuonyeshwa kanisa limejaa. Hakuambiwa kwamba Tabaro atabadilika, wala kwamba kesi itaisha vizuri mwezi fulani. Alipewa mwenzake wa safari, basi. Wengi wetu tungerudisha maono ya namna hiyo tuombe mengine yenye tarehe.

Akaachiliwa. Hatia haikuonekana kwake.

Sasa tumefika mahali ambapo sura hii imekuwa ikielekea tangu mwanzo. Wazee husema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hakuna mtu angemlaumu Apolo kwa kushtuka. Alikuwa na sababu zote za kuomba apangiwe kwingine. Toro yenyewe ilikuwa na njaa ya walimu. Mfalme Kasagama alikuwa amebatizwa kwa jina la Daudi, na watu walikuwa wakimiminika kwenye madarasa. Angeweza kumtumikia Mungu kwa bidii, kwa uaminifu, kwa matunda, bila kuiona Mboga tena maisha yake yote, na angezikwa akiitwa mtakatifu.

Akarudi Mboga.

Safari ya kwanza huenda mtu na sehemu ya moyo wake bila kujijua. Sehemu moja inakwenda kwa upendo, nyingine kwa ujana, nyingine kwa hamu ya kuona nchi mpya, nyingine kwa kuwa watu walimpigia vigelegele na sasa anaona aibu kubaki. Hakuna ubaya, Mungu hutumia vyote hivyo kumtoa mtu nyumbani. Lakini safari ya pili hamu ya nchi mpya imekwisha, kwa sababu nchi si mpya. Vigelegele havipo. Ujana umepigwa viboko. Njia anaijua, mto anaujua, anajua hata ni mlango gani utafungwa atakapopiga hodi. Kama bado anakwenda, kinachompeleka ni kile kimoja kilichobaki, na hapo ndipo anapojua kama alikuwa nacho tangu mwanzo.

Luka analo tukio la namna hii katika Matendo ya Mitume, nalo limeandikwa kwa maneno machache mno kiasi kwamba tunalisoma bila kusimama. Huko Listra watu walimpiga Paulo kwa mawe, wakamburuta nje ya mji wakidhani amekufa. Wanafunzi wakamzunguka, akainuka, akaingia tena mjini. Kesho yake akaenda Derbe, akahubiri huko. Na kutoka Derbe, badala ya kuendelea mbele kuelekea kwao Tarso, ambako njia ilimwelekeza, aligeuka akarudi Listra. Ukichukua ramani utaona alivyokuwa karibu na nyumbani. Alirudi kwa sababu nyuma yake aliacha watu waliokwisha kuamini, na watu hao walikuwa wameona mawe. Kama mwalimu angepotea baada ya mawe, wangejifunza kwamba imani hii ina kikomo, na kikomo chenyewe ni maumivu ya mwalimu. Mahubiri yake ya pili Listra yalianza kabla hajafungua kinywa, pale walipomwona anaingia na makovu yake.

Ninaandika haya kama mtu ambaye hakurudi.

Nilipokuwa kijana nilipangiwa kuhudumu katika kijiji kimoja cha milimani. Nilikwenda kwa furaha kubwa. Mwezi wa nne kukazuka ugomvi juu ya kiwanja cha kanisa, nami nikajikuta katikati yake bila kuutafuta. Usiku mmoja mahindi yangu yaling'olewa, mstari kwa mstari, na asubuhi yakawa yamelala kama watu waliochoka. Hakuna aliyesema kitu. Wanawake wawili wa kanisa walikuja wakanisaidia kuyaokota, tukayapa ng'ombe. Mwezi wa kumi na moja nikahamishiwa mjini. Miaka miwili baadaye nikaulizwa kwa upole kama ningekuwa tayari kurudi, kwa kuwa kijiji kilikuwa bado hakina mtu. Nilijibu kwa barua ndefu. Nilitaja shule ya watoto, shinikizo la damu la mke wangu, masomo niliyokuwa nimeanza. Zote zilikuwa kweli. Lakini hakuna iliyokuwa sababu. Sababu ilikuwa ule mstari wa mahindi, na ule mstari sikuuandika.

Wanawake wale wawili ndio ninaowafikiria ninaposoma habari za Listra. Wao waliniona nikiondoka. Hawakuniona nikirudi.

Kwa mtu mwenye barua kama yangu kwenye kabati, Biblia ina mtu mmoja ambaye nimemshikilia kwa miaka mingi: Yohana aitwaye Marko. Alifuatana na Paulo na Barnaba katika safari yao ya kwanza, walipofika Perge akawaacha, akarudi Yerusalemu. Luka hasemi kwa nini. Paulo alikataa kumchukua mara ya pili, na ugomvi juu yake ukawatenganisha wazee wawili waliopendana. Lakini miaka ikapita, na Paulo akiwa kifungoni, akikaribia mwisho wake, anaagiza Marko aletwe, kwa kuwa anamfaa kwa utumishi. Katikati ya Perge na agizo hilo, mahali fulani, yule kijana alifunga mzigo wake tena. Mlango wa safari ya pili haukufungwa na kuchelewa kwake.

Tabaro alibatizwa. Alichukua jina la Paulo. Mtu aliyempeleka mwalimu wake gerezani amefungwa kamba alijiunga naye katika kusoma, na kanisa la Mboga likapata mlinzi mahali lilipokuwa na adui. Nimesita kuliweka jambo hili hapa, kwa hofu kwamba msomaji atasema: kumbe alirudi kwa sababu ililipa. Wakati Apolo anapanda ukingo mara ya pili hakujua. Na wapo waliorudi, wakakaa, na haikulipa kwa namna yoyote inayoweza kuhesabiwa.

Chukua Johannes Rebmann. Watoto wetu wa shule wanamjua kama Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameona theluji juu ya Kilimanjaro, mwezi Mei 1848, habari ambayo wataalamu wa London waliikataa wakiwa wamekaa vitini. Wachache wanajua kwamba mlima ule ulikuwa kipande kidogo cha maisha yake. Kazi yake ilikuwa Rabai, juu ya vilima vya nyuma ya Mombasa, katikati ya Wamijikenda. Alifika mwaka 1846. Aliondoka mwaka 1875, kipofu, baada ya miaka 29. Wenzake walikufa au waliondoka kwa maradhi; mke wake alifariki; waamini katika miaka hiyo yote walikuwa wachache mno, na kwa vipindi virefu mtu aliyepita Rabai angedhani amekutana na mzee anayeandika kamusi tu. Alikufa Korntal, Ujerumani, mwaka uliofuata. Sijui ni kikao gani cha misheni cha leo kingempitisha kwa mwaka wa tano akiwa na ripoti ya namna hiyo. Lakini Rabai ina kanisa hadi leo, na anayeingia humo anaingia juu ya miaka 29 ya mtu asiyeona mavuno, kisha asiyeona kabisa.

Nimemtaja mke wa Rebmann, na hapo pananilazimu kusimama. Apolo hakuwa na mke. Aliishi akilea watoto wa watu wengine, nyumba yake ilijaa, lakini alipoamua kurudi Mboga hakuna aliyeamka usiku kuhesabu watoto wake. Mtu mwenye familia harudi peke yake. Ukienda Nyali, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, utaliona kaburi la Rosina Krapf, aliyefika pwani mwaka 1844 pamoja na mumewe Ludwig, akajifungua binti mwezi Julai mwaka huohuo, akafa kwa homa siku chache baadaye, na mtoto akamfuata. Krapf alibaki, na uaminifu wake umeandikwa sana. Ninachosikitika ni kwamba Rosina huandikwa kama hasara ya Krapf, gharama aliyolipa yeye. Rosina alipanda chombo kwa miguu yake. Naye aliitwa. Kabla ya Mombasa alikuwa amekwisha kumzika mtoto mwingine huko Uhabeshi, na bado alikuja. Kama tunatafuta safari ya pili, hiyo hapo.

Kwa hiyo ninapomsikia mchungaji akijisifu madhabahuni kwamba ametoa familia yake kwa ajili ya Injili, napata shida. Mtu hutoa moyo wake mwenyewe. Wa mwenzake hana ruhusa ya kuutoa. Anaweza tu kumuuliza, na kusubiri jibu lisilo la woga. Nimezijua nyumba ambazo baba alirudi shambani mwa Bwana kwa moyo wote, na watoto wakakua wakilichukia jina la Bwana huyo. Sikuona utii mwingi katika kurudi kule.

Turudi kwa Apolo, kwa maana maisha yake yana kipindi kirefu ambacho wahubiri hukiruka. Baada ya kanisa la Mboga kusimama, wakuu wake walimhamishia Toro. Alipewa ushemasi mwaka 1900 na ukasisi mwaka 1903, na kwa muda wa miaka kama kumi na mitano alifanya kazi upande wa mashariki wa Rwenzori: kutembelea makanisa ya nyasi, kufundisha darasa la ubatizo, kusuluhisha ugomvi, kutembea. Moyo wake ulikuwa ng'ambo. Wakati huohuo Waingereza na Wabelgiji walikuwa wakivutana juu ya mpaka, na ulipowekwa, Mboga ikaangukia Kongo ya Wabelgiji, mahali ambapo kasisi wa Kianglikana kutoka Uganda alikuwa mgeni mara mbili. Kanisa alilolipanda likaanza kufifia. Apolo aliyasikia hayo akiwa Toro, akiendelea na kazi aliyopewa.

Kwangu miaka hiyo ina uzito sawa na gereza. Ni rahisi kudhani kwamba moyo wote maana yake ni kufuata shauku yako hadi mwisho na kumwona kila anayekuzuia kuwa adui wa Roho. Apolo alikuwa na maono, kitu ambacho wengi wangekitumia kama cheti cha kutosikiliza mtu. Aliyatunza moyoni akaenda alikotumwa. Alikuwa na desturi ya kuandika shajara, kwa Kiganda, na anayetarajia kumkuta humo akijieleza kwa maneno makubwa anakutana na mtu wa ratiba: amekwenda wapi, amefundisha nini, nani amekuja.

Aliporuhusiwa kurudi, katikati ya vita vya kwanza vya dunia, alikuwa mtu wa zaidi ya miaka hamsini. Wengi katika umri huo wanaomba usharika wa karibu na hospitali. Yeye alianza upya. Kanisa likainuka tena, na kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1920 akafanya lile alilokuwa akilitazama tangu siku ya kwanza: aliingia msituni kwa Wambuti, watu ambao majirani zao wengi hawakuwahesabu kuwa wa kufundishwa chochote. Aliketi nao kambini, akajifunza maneno yao, akaanza kuigeuza Injili ya Marko katika lugha yao. Sidhani kama alikusudia, lakini nimelifikiria mara nyingi: kitabu alichokibeba msituni mtu aliyerudi kina jina la mtu aliyewahi kuacha njia.

Mwaka 1922 walimfanya Kanoni wa Namirembe, kanisa kuu juu ya kilima cha Kampala. Heshima hiyo ilikuwa kubwa kwa Mwafrika wa wakati ule, na ingeweza kuwa mlango mzuri wa kwenda nyumbani kwa heshima. Aliipokea, akarudi Mboga. Mtu akiyafuata maisha yake kwa makini ataona neno lenyewe likigeuka mikononi mwake. Mwaka 1896, kurudi kulikuwa kwenda Buganda; kule ndiko kwao, Mboga alikuwa amekwenda. Mwishoni, Buganda anakwenda, Mboga anarudi. Hakuna siku aliyotangaza mabadiliko hayo. Yalitokea kwa miguu, safari moja baada ya nyingine.

Alipougua mara ya mwisho alitaka awe Mboga, na hapo ndipo alipokufa, tarehe 30 Mei 1933. Sisi watu wa Afrika Mashariki tunaelewa uzito wa hilo kuliko wageni wanaolisoma. Tunachanga fedha usiku kucha ili maiti isilale ugenini. Tunakodi magari, tunavuka mikoa na mipaka, mzee arudishwe kwao. Na kwa Mganda jambo hilo lina mahali pake kabisa, ekiggya, uwanja wa makaburi ya ukoo, ambapo mtu hulazwa kati ya baba zake. Waswa alikuwa na baba zake. Nafasi yake ilikuwepo.

Aliagiza azikwe Mboga. Aliagiza pia jambo la pili, na wale waliomlilia walilitekeleza ijapokuwa lilikwenda kinyume na desturi: kichwa chake kielekezwe magharibi, kwenye msitu, upande ambao alikuwa bado hajafika.